Perege Mwenye Matubwitubwi

Mwalimu wa darasa la nne hakuamini kwamba mtoto hujifunza kuitunza dunia kwa kukodolea macho tangi la kioo. Mwalimu mkuu aliamini, na mkubwa akiamini, mdogo hubeba ndoo. Ndivyo perege sita walivyohamia kando ya kabati la vitabu, na watoto arobaini wakapangiwa zamu za kuwalisha.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu, perege mkubwa kuliko wote aligoma kula. Asubuhi hiyohiyo mwalimu alikuta chembe za biskuti zikielea juu ya maji. Aliyekuwa zamu ni msichana waliyemwita Waziri kwa jinsi alivyowaamrisha wenzake.

"Umemuua," mwalimu alimwambia mbele ya darasa zima.

Tangu hapo Waziri hakumwamrisha mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwalimu aliisahihisha methali hiyo madaftarini kila mwaka, ila hakuwa amewahi kuihitaji.

Kesho yake mvulana wa dawati la mbele alitoa uchunguzi wake.

"Mashavu yamemvimba, mwalimu. Hayo matubwitubwi. Mimi yalinishika, hata uji ulinishinda."

"Samaki hawaugui matubwitubwi."

"Kwani umewahi kumpima?"

Mwalimu hakuwa amempima. Kanuni ya shule ilisema mwenye matubwitubwi akae peke yake mpaka apone, na watoto hawakuona palipoandikwa kwamba samaki wamesamehewa. Waziri alimchota kwa wavu, akamtia katika beseni lenye maji ya tangi na mpira wa pampu ya hewa, akabandika karatasi: MGONJWA. USIMSUMBUE. Mwalimu aliruhusu, kwa kuwa mfa maji haachi kutapatapa.

Siku ya tisa mgonjwa alikuwa bado hajala, na msichana bado hajacheka. Mwalimu alimwita bwana samaki, mtaalamu wa mabwawa aliyewaletea perege hao. Bwana samaki alipofika aliinama juu ya beseni, akaisoma karatasi.

"Nani aliyemtenga?"

Darasa zima lilimgeukia Waziri.

"Shikamoo, mjomba. Ni mimi. Nilimpa biskuti, ndipo akaugua."

"Marahaba. Biskuti usimpe tena, lakini haina kesi hapa. Huyu ni mama. Ameatamia mayai mdomoni, angetafuna wapi? Na ungemwacha kule tangini, wenzake wangewala watoto mmoja baada ya mwingine."

Kama aliyekuwa akingoja kutambulishwa, perege akafungua kinywa. Vikatoka vitoto vyembamba kuliko punje za mchele, macho matupu. Kiwiko cha mtu kikaligonga beseni. Vikarudi kinywani mbio, na mlango ukafungwa. Darasa likalipuka kwa vifijo.

Mwalimu aliketi kwenye dawati dogo lisilomtosha, kando ya beseni. Pumzi iliyomtoka, bila shaka, ilikuwa ya siku tisa.

"Waziri," alisema, "nilikosea. Hukumuua mtu. Nilisema mbele ya wote, na mbele ya wote ninaomba radhi."

Msichana alimtazama kwa makini, mfano wa mkaguzi mbele ya cheti chenye mashaka.

"Haya, mwalimu. Ila sogea, unamkanyagia mgonjwa mpira wa hewa."

"Si mgonjwa."

"Mzazi, basi. Na nyie mlioegemea beseni, nyuma! Mstari mmoja! Nani kasema uanzie hapo?"

Mwalimu aliuondoa mguu wake juu ya mpira, akaenda kusimama mwisho wa mstari.