Ubao wa Mtu wa Kilo Ngapi

Saa nne na robo asubuhi muuzaji aliniuliza huyo mtoto ana kilo ngapi, na mpaka sasa sijamjibu, nimesimama na ubao mikononi, mwekundu, mfupi, umefunikwa sponji juu ili anayejifunza akiangukia asipasuke kidevu, nimesimama kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau, kwa sababu nilikuja dukani na kila kitu isipokuwa hicho, nilikuja na upana wa boti niliopima kwa futi, nilikuja na picha za rafadha, panga la injini, kwenye simu, nimezipiga nikiwa nimelala chali chini ya trela huku kutu inanidondokea machoni, maana nilisoma kwamba mchezo huu wa kuteleza juu ya wimbi la boti hauchezwi kama panga la injini liko nje kule nyuma, anayeteleza yuko karibu mno, akianguka panga linamkuta, lazima liwe limefichwa chini ya tumbo la boti, na la kwangu limefichwa, boti ni ya zamani kuliko kifungua mimba wangu lakini panga limefichwa, hilo nimelithibitisha kwa macho yangu, hilo ningejibu… muuzaji haulizi hilo. Anauliza kilo. Anasema mbao hizi hazichaguliwi kwa umri wala kwa urefu, zinachaguliwa kwa uzito, mzito akipanda ubao mdogo unazama naye, mwepesi akipanda mkubwa unamkataa, na kwa anayeanza ni afadhali uzidi kidogo kuliko upungue, uwe mnene, uwe na mapezi makubwa chini yasiyouacha uchezecheze. Mama, anasema, tukadirie tu. Mama. Dunia nzima inaniita mama, muuzaji huyu, mlinzi wa getini kazini, wanaopiga simu za dharura usiku wasiojua hata ninaitwa nani, mama tuletee gari, mama hapumui, nimeitwa mama na watu wengi kuliko wanavyoitwa walimu wa chekechea, na wale wawili niliowazaa wananiandikia ujumbe unaoanza na "mambo".

Tukadirie. Kazini kwetu kukadiria ni marufuku, tunafundishwa siku ya kwanza, usimjazie mpigaji jibu mdomoni, kama hajui andika haijulikani uende swali linalofuata, na mimi nimeandika haijulikani juu ya watoto wa watu, umri haujulikani, uzito haujulikani, nikawa namshangaa kidogo mzazi wa upande wa pili, hivi kweli hujui… Alipozaliwa kitinda mimba alikuwa kilo tatu na gramu mia mbili. Niamshe usingizini nitakuambia. Baada ya hapo kuna kilo za kliniki, kuna kilo za mgongoni, za mtoto aliyelala kwenye kiti cha nyuma ya gari na mimi nambeba hadi kitandani huku nalalamika kwamba amekuwa gunia, halafu hakuna tena, mizani yangu ilikuwa mgongo, na mgongo haujambeba tangu walipohamia kwa baba yao. Wala hakukuwa na ugomvi wa kusimuliwa. Zamu zangu ni za usiku, shule iko karibu na kwake, tulikaa mezani watu wazima wawili tukagawana, yeye akapata watoto mimi nikapata boti, dada yangu akauliza kama huo mgawanyo ulifanywa nikiwa macho, nikamwambia watakuwa wanakuja, kuna boti, kuna ziwa, nani asiyependa maji.

Muuzaji ameacha habari ya kilo, ameona nimekwama, amehamia kwenye mnara niliouulizia, ule upinde wa mabomba unaosimamishwa juu ya boti, anapiga bomba la alumini kwa kiganja, nasikia nusu nusu, ananiambia mnara haukuletei wimbi, mama, wimbi linaletwa na uzito, ujaze mifuko ya maji nyuma upande mmoja boti iiname, mnara ni wa kufungia kamba juu na kutundika mbao zisikanyagwe, na kwa boti ya zamani usikimbilie, zile hazikuumbwa zibebe mnara, kingo zake ni nyembamba, ukikaza bolti bila bamba la chuma kwa ndani siku moja utaondoka na mnara na kipande cha boti, na upana huu ulioleta umepima wapi… Nimepima palipo pana kuliko pote. Anatabasamu. Anasema wengi hupima hapo, lakini miguu ya mnara haisimami hapo, inasimama mbele kidogo, kando ya kioo, na hapo boti imeshaanza kubana, kwa hiyo ningeletewa mnara unaopanua miguu kama mbuzi aliyekataa kukamuliwa. Nacheka, kicheko cha sauti kubwa, naona mtu wa kwenye kaunta amegeuka, sijacheka na mtu tangu lini, jirani yangu fundi cherehani huiita boti yangu bibi harusi kwa sababu inashinda imefunikwa turubai, leo umemfunua bibi harusi, huniambia kupitia uzio, nami hujibu bado mahari, tunaishia hapo, miaka yote hiyo tunaishia hapo.

Sikuhitaji mnara, basi. Nilidhani mnara ndio mchezo wenyewe, kwa sababu kwenye video aliyonionyesha binti yangu ulikuwepo. Likizo iliyopita walikuja wote wawili, siku ya pili kitinda mimba alikuwa amelala sakafuni anahesabu mbao za dari, akasema huku kwako hakuna kitu cha kufanya, hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa, ndipo dada yake akaja jikoni na simu, akasimama karibu yangu mpaka bega likanigusa, ona Mama, ona huyu, mtu yuko nyuma ya boti juu ya kaubao, anavutwa kwa kamba, halafu anaitupa kamba ndani ya boti, anabaki peke yake juu ya wimbi bila kushikilia kitu, na boti haimwachi, inakwenda polepole mbele yake, ameiachia kamba, Mama, umeona. Nimeona. Hatukuzungumza kwa muda mrefu kuliko huo wiki yote. Walipoondoka nikaanza kusoma, nikasoma zamu nzima za usiku simu zisipoita, na kilichonishika si wimbi wala mnara, ni sharti moja, kwamba mchezo huu unataka watu watatu, mmoja usukanini, mmoja akae akitazama nyuma amwambie dereva mwenzao ameanguka, mmoja majini. Watatu. Huwezi kucheza peke yako, na wawili hamtoshi. Kule kwa baba yao mezani wapo sita pamoja na mama mdogo na watoto wake, mtu akikosekana sahani inasogezwa tu, lakini kwangu, kwenye boti, asipokuwepo mmoja injini haiwashwi. Nikafikiri hiyo ndiyo sababu inayotosha kumfanya mtoto aje mahali, kujua kwamba asipokuja haiwezekani… sijawaambia bado. Nilitaka ninunue kwanza, nipige picha, mbao mbili zimesimama ukutani, moja yako moja ya dada yako, ndipo niulize mnakuja lini. Mtu hukataa ahadi, hakatai kitu kilichokwisha simama ukutani. Ndivyo nilivyofikiri.

Na mguu anatanguliza upi, anauliza muuzaji. Amerudi. Anasema kuna wanaosimama wa kushoto mbele na wa kulia mbele, na upande wa kujaza maji unategemea hapo, mtu lazima alitazame wimbi. Nasema sijui. Anasema hilo ni rahisi, mama, mwambie asimame wima miguu pamoja, halafu msukume kidogo mgongoni bila kumwambia, mguu utakaotangulia kumzuia asianguke ndio huo. Rahisi. Unachohitaji ni mgongo wake uwe mbele yako. Natazama ubao, naona nimeuchagua kwa rangi, alipenda nyekundu, alikuwa na ndoo nyekundu, alikuwa na umri wa kupenda ndoo… mpigie basi, anasema muuzaji, si yuko nyumbani, leo ni Jumamosi, na anasema kama jambo dogo, mtu anamtafuta mwanawe kwenye simu anamuuliza kilo, na kweli ni jambo dogo, naweka ubao ukiegemea paja langu, natoa simu. Yeye simu yake ilitumbukia chooni mwezi uliopita. Dada mtu hapokei siku hizi, huandika tu. Nampigia baba yao, na mimi na baba yao huzungumza kama ofisi mbili, salamu, jambo, asante, kwa hiyo natayarisha sauti ya ofisi, simu inaita, inapokelewa, sauti ya kiume inasema haloo, nzito, na mimi nasema kama ninavyosema siku zote:

"Habari za asubuhi. Naomba kuzungumza na mmoja wa watoto, kama wapo."

Kisha ile sauti ikasema:

"Mama, ni mimi."

Mimi ambaye kwa pumzi mbili hujua kama anayepiga ni mzee au mtoto, mlevi au mgonjwa, mimi niliyewahi kumtambua mtu kwa kikohozi… nimemwomba mwanangu aniitie watoto. Nikashika rafu ya mbao. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu lini nini, nikasema sauti, akasema ah, hiyo, haina muda, inakuja inaondoka, dada ananiita Spika ya Msibani, na alipocheka ikapasuka katikati ikawa kwa sekunde moja ile ninayoijua, halafu ikashuka tena kwa huyu mwanamume. Mtu amevuka mto miezi yote hii na mimi nilikuwa nikisoma habari za boti. Nikasema nataka kujua una kilo ngapi. Akauliza kama namuuza. Nikasema namuuza kama samaki, kwa kilo. Akacheka tena, akasema hamsini na tisa, walipimwa shuleni, na kwa nini, Mama, kuna nini, nikamwambia kuhusu mbao, nikamwambia vibaya, bila picha, nikianza na mapezi, nikarudi kwenye mifuko ya maji, nikasahau kutaja wimbi. Akasikiliza. Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, amehama chumba ili anisikie, au ili wengine wasisikie.

"Dada haji, Mama," akasema. "Amepata kazi ya likizo. Alisema atakuambia mwenyewe, sijui kwa nini hajakuambia."

Najua kwa nini. Nami ningesubiri.

"Na wewe?"

"Mimi nakuja. Lakini si wanatakiwa watatu? Niliangalia zile video. Tutakuwa wawili tu."

Nikasema nitatafuta mtu. Nilisema haraka, kama mwenye watu wa kuchagua, na baada ya kulisema nikaanza kuwapitia mmoja mmoja, wenzangu wa zamu ya usiku, jirani wa kwenye uzio, kanisani sijaenda, dada yangu anaogopa hata beseni, na ajabu ni kwamba sikuogopa, kwa miezi yote nimekuwa nikiona watatu kama mlango uliofungwa sisi tukiwa ndani, sikuwahi kuuona kama mlango wa kubishwa na mtu wa nje, itabidi nimwambie mtu sentensi nzima, njoo ukae kwenye boti yangu utazame nyuma, mwanangu atakuwa majini… Aliniuliza kama bado nipo. Nikasema nipo. Akasema anaitwa, akasema Jumamosi ijayo basi, na hakukata haraka, alikaa na pumzi zake sekunde kadhaa, kisha akakata.

Muuzaji alikuwa amesimama palepale na bomba la mnara. Nikamwambia mnara tuuache kwanza, nitapima upya kando ya kioo. Nikamwambia ni ubao mmoja, si mbili, wa mtu wa kilo hamsini na tisa. Akauchukua ule mwekundu uliokuwa umeegemea paja langu, akaurudisha ukutani, akashusha mwingine mrefu zaidi.