Ugomvi wa Kunong'ona

Asubuhi ile Ziada aliingia chekechea na shikamoo yake tayari mdomoni, kama ilivyokuwa kawaida yake kila siku kwa miaka miwili. Ikabaki humohumo. Mezani kwa Mama Yudith, mwenye kituo, palikuwa na daftari la Ziada, na juu ya jalada, kwa kalamu ya wino na mwandiko wa kupendeza, paliandikwa jina la Anitha.

Daftari lilikuwa kaunta buku nene la mgongo mwekundu. Kila Ijumaa kwa miaka miwili Ziada aliandika humo alichojifunza na alichokifanya kwa watoto, na Mama Yudith akatia sahihi chini. Ndivyo walivyotaka wa wilayani: mwanagenzi akae miaka miwili chini ya mlezi mzoefu, daftari lijae, kisha mkaguzi atoke Kilosa aje amwone kwa macho yake akishinda na watoto, kuanzia kuwapokea hadi kuwalaza mchana. Akifaulu anapewa cheti cha ulezi. Mwenye cheti ni mlezi, anaajirika popote. Asiye nacho ni yaya, na yaya mtu yeyote anaweza kumfukuza kama mbwa.

Jalada lilikuwa tupu muda wote huo. "Jina nitaliandika mwenyewe siku ikifika," alikuwa akisema Mama Yudith. "Jalada ndiyo sura ya kituo." Ziada alikubali. Mtu aliyetoka kidato cha nne na divisheni foo hana ubavu wa kubishana na mwandiko.

"Shikamoo, Mama," alisema hatimaye, maana hasira ni hasira na adabu ni adabu.

"Marahaba. Uji umechemka?"

"Mama, hilo daftari ni langu."

"Daftari ni la kituo. Nililinunua mimi."

"Na maneno yaliyomo?"

Mama Yudith alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. "Ziada mwanangu, wewe una mikono. Mwenye mikono kama yako hakosi kazi. Anitha hana kitu. Baba yake amepunguzwa kazi reli, watoto saba nyumbani. Nitamwambia nini kaka yangu?"

"Mwambie baba yangu naye alipunguzwa na reli hiyohiyo, pale stesheni ya Munisagara. Wapange foleni pamoja."

"Mdomo huo ndio utakaokuponza. Zamu yako mwakani. Leo kaa jikoni. Mkaguzi akiuliza, wewe ni mpishi."

Anitha, binti wa kaka, alikuwa amesimama mlangoni ndani ya gauni la mlezi lililopigwa pasi. Alishuka kutoka milimani miezi mitatu nyuma, eti kuja kupumzika. Alitazama sakafu kana kwamba kuna mtu ameangusha shilingi.

Ziada akaenda jikoni. Usimwulize kwa nini hakutupa upawa akaondoka zake; alijiuliza mwenyewe mara nne kabla uji haujaiva. Angeondoka na nini? Miaka miwili ilikuwa mezani na jina la mtu mwingine. Kuondoka kulikuwa sawa na kuisaini iwe yake.

Na kilichomchoma zaidi ni kwamba Mama Yudith hakuwa mjinga. Kumkasirikia mjinga ni starehe. Huyu alikuwa amelea watoto wa vibarua wa mkonge miaka ishirini, kule upande wa Kimamba, mpaka shamba likauzwa kwa mtu binafsi na chekechea ikageuzwa ghala la magunia. Akachukua kiinua mgongo chake, akaja Mikumi, akafungua kituo hiki kwa ajili ya watoto wa askari wa wanyama na wa akina mama wa magesti na mahoteli. Kila alichokijua Ziada alikitoa kwake. Kwamba mtoto anayeng'ata wenzake hapigwi, anapewa kipande cha muwa. Kwamba anayekojoa asipayukiwe mbele za watu. Na sheria ya kwanza kabisa, aliyopewa siku ya kwanza kabisa: mtoto halali bila kanga ya mama yake, na kanga hiyo haifuliwi.

Kila mtoto alikuja kuandikishwa na kanga kuukuu, iliyovaliwa na mama siku tatu mfululizo. Harufu ikiisha, inarudishwa nyumbani, mama anaivaa tena. Zilining'inia kwenye misumari ukutani, kumi na tisa, zikinuka jasho, moshi, vitunguu, mafuta ya nazi, na moja ikinuka bia, ya Joha, aliyehudumu kwenye baa ya gesti. Mgeni angeziba pua. Mtoto alikuwa akizika uso humo, na dakika kumi hazipiti amelala.

Mkaguzi aliwasili saa mbili. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye mkoba wa ngozi, jina lake Bi Tumwagile. Watoto walisimama wakamwimbia shikamoo kwa pamoja, ndefu, mpaka akacheka. Anitha alikuwa na sauti nzuri, hilo Ziada hakumnyima. Aliwaimbisha, akawahesabisha vizibo vya soda, akagawa uji ambao hakuukoroga. Mkaguzi akaandika. Mama Yudith akawa anatembea kwa ncha za vidole kama bibi harusi.

Saa sita na nusu mikeka ikatandikwa. Huo ndio mtihani wenyewe. Kuimbisha kila mtu anaweza. Kulaza watoto kumi na tisa wa akina mama kumi na tisa ni ufundi.

Dakika kumi zikapita. Ziada, akisugua sufuria, akasikia wa kwanza analia. Kisha wa pili. Kisha ikawa kama mvua juu ya bati: huanza tone tone, halafu husikii tena mwenzako anasema nini. Alimsikia Anitha akiimba kwa sauti ya juu zaidi, jambo ambalo ni sawa na kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Alifurahi. Tusimpambe, alifurahi mpaka akaacha kusugua ili asikie vizuri. Mama Yudith alitokeza mlangoni mwa jiko, kijasho kikimtoka juu ya mdomo.

"Ziada, njoo uwalaze."

"Mimi mpishi, Mama. Kwani kuna kitu kimeungua?"

"Usinifanyie hivyo mbele ya mgeni."

"Nimeambiwa mwakani. Mwakani nitakuja mapema."

Wakatazamana. Kule ndani, katikati ya ile kelele, sauti moja ikapanda, ikapanda, kisha ikakatika ghafla. Ziada aliijua sauti ile na aliijua zaidi kimya chake. Ilikuwa ya Goodhope, mtoto wa Joha, wa miaka miwili na nusu, ambaye akilia kupita kiasi hukata pumzi.

Hakukumbuka alivyotoka jikoni. Alimkuta Anitha amemshika mtoto mikononi kama mtu aliyepewa bomu, na mtoto midomo imekuwa rangi ya zambarau. Ziada alimpokea, akamlaza kiubavu juu ya mkeka, akampulizia usoni mara moja, kwa nguvu, kama unavyozima kibatari. Goodhope akashtuka, akavuta hewa, akalia tena. Kilio hicho kilikuwa kizuri kuliko nyimbo zote za asubuhi.

"Kanga yake iko wapi?"

Anitha akampa. Ziada akainusa. Sabuni ya unga na bluu. Akachukua ya jirani, akainusa. Akachukua ya tatu. Zote zilikuwa safi, zimenyooshwa, zinang'aa kama za dukani.

Akainua macho. "Mama, umezifua?"

Mama Yudith akaishika kanga iliyokuwa karibu, akaikunja. Miaka ishirini ya ufundi, na jana yake jioni, kwa kuogopa mgeni wa ofisini asije akazisikia harufu, alikuwa ameinama kwenye karai na Anitha wakafua akina mama kumi na tisa mpaka wakaisha. Wamisionari walimfundisha akiwa mdogo kwamba mgeni hupokewa na usafi, na fundisho la utotoni halistaafu.

Ziada alikuwa amejifunga mbeleko yake kiunoni juu ya gauni la jikoni. Ilikuwa kanga moja kuukuu, na hakuna mtoto mle ndani ambaye hakuwahi kubebwa nayo. Ilinuka moshi, uji uliomwagika, mkojo wa mwaka juzi, na yeye mwenyewe. Aliifungua. Akauma pindo kwa meno, akachana.

Ilitoa mlio mkali, na watoto wawili wakanyamaza kusikiliza. Kipande cha kwanza akampa Goodhope. Akauma tena, akachana tena. Alichana kwa hasira zote alizokuwa nazo, za jalada, za Ijumaa zote zile, za mashimo ya choo aliyomwagia majivu huku akiambiwa ndiyo mafunzo, na kila akichana alimkabidhi mtoto kipande polepole, kwa mkono laini kabisa, kana kwamba mikono ile miwili ilikuwa ya watu tofauti. Watoto walivishika vile vipande, wakavipeleka puani. Wa pembeni mwa ukuta akalala kwanza. Halafu safu ya mlangoni. Robo saa haikupita, chumba kikawa kinapumua.

Bi Tumwagile alichuchumaa kando yake. "Wewe nani?" alinong'ona.

"Mpishi," Ziada akanong'ona.

"Mpishi amejifunza wapi kumrudisha mtoto aliyekata pumzi?"

"Limo daftarini, Mama Mkaguzi. Mwezi wa tatu mwaka jana. Lina sahihi."

Mkaguzi alifungua lile kaunta buku alilokuwa amekabidhiwa, akalamba kidole, akafunua kurasa mpaka akaufikia mwezi huo. Alisoma bila haraka. Kisha akamgeukia Anitha. "Machi mwaka jana ulikuwa hapa?"

"Anitha," alinong'ona Mama Yudith, kwa sauti ya kuonya.

"Shangazi, yule mtoto amebadilika rangi mikononi mwangu." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Mimi niliambiwa nikae tu. Sikuwapo, Mama Mkaguzi. Nilikuja juzi juzi, baada ya mavuno."

Basi ukaanza ugomvi ambao Mikumi haijapata kuuona: wanawake wanne wamechuchumaa juu ya mikeka, mishipa ya shingo imewatoka, na hakuna aliyeweza kupaza sauti kwa kuogopa kuamsha watoto.

"Jina la jalada mimi siwezi kulifuta," alisema Bi Tumwagile. "Hulifuta aliyemfunza. Usipolifuta, Mama Yudith, nitaandika kwamba sikukuta mwanagenzi, na hata huyu binti wa kaka yako hatapata kitu."

"Waandikwe wote wawili."

"Aliyefanya kazi ni mmoja."

"Bila mimi angejua nini huyu?" Mama Yudith alimnyooshea Ziada kidole. "Alikuja hapa hajui hata kumfuta mtoto kamasi."

"Kweli," Ziada alinong'ona. "Umenifundisha wewe, tena vizuri. Ndiyo maana inauma. Angeniibia mtu baki ningemwita mwizi nikalala. Wewe nikuite nani?"

"Usininenee maneno hayo."

"Nanong'ona tu, Mama. Ningekuwa nasema, ungesikia mpaka Kilosa."

Mtoto mmoja akageuka. Wote wanne wakaganda, pumzi juu, mpaka alipotulia.

Kalamu ya wino ilikuwa mezani, upande wa pili wa chumba, na kati yake na Mama Yudith walilala watoto kumi na tisa. Alichukua daftari kwa mkaguzi, akavua viatu. Alivuka safu ya kwanza, ya pili, mguu juu kama korongo kwenye majaruba ya mpunga ya Kilangali, gauni amelikunja mkononi. Hakuna aliyemsaidia. Alifuta, akaandika, akapulizia wino ukauke, kisha akarudi njia ileile na daftari kifuani.

"Haya. Umepata," alinong'ona. "Na kushukuru hushukuru?"

Ziada alilisoma jina lake herufi kwa herufi. Lilikuwa zuri, mwandiko haukuwa na kosa. Akamkabidhi mkaguzi.

"Sishukuru, Mama."

"Basi Jumatatu usije."

"Jumatatu nitakuja. Utamwambia nini Joha, kwamba mwanawe atalazwa na nani?"

Mama Yudith akaokota viatu vyake, akaanza kuvivaa. Mkaguzi alikuwa ameinamia karatasi zake, anaandika kwa bidii ya mtu ambaye hakusikia.

Ziada alitoka nje. Kila kitu kilikuwa kimekwenda alivyotaka, na kifua bado kilikuwa kimejaa, maana mtu hawezi kumwaga miaka miwili kwa minong'ono. Alipita uani, akapita ua wa minyaa, akasimama kando ya barabara kuu. Semitrela la Tunduma lilikuwa linakuja kwa kasi. Alisubiri likamfikia, na matairi yote yalipokuwa yananguruma mbele yake akafungua mdomo akapiga ukelele wa tumboni, mrefu.

Dereva akadhani anasalimiwa. Akampungia mkono na kupiga honi, ile ndefu ya upepo.

Ziada aligeuka akakimbia kurudi ndani, huku akimtukana dereva kimoyomoyo, kabla Goodhope hajaamshwa na honi ile.