Sababu ya Kufungua Faili

...na kale kaduara kakaendelea kuzunguka katikati ya skrini, zunguka we zunguka, muuguzi naye akapiga mwayo akasema, "Mtandao wa huku haukimbizwi, dada, unabembelezwa," mkaguzi akacheka kwa adabu tu, maana hakuja kubembeleza, alikuja kuukagua mfumo huu mpya wa faili za wagonjwa, aone kama unatafuta upesi, kama unachanganya majina, kama unatunza siri, aandike ripoti apande gari aende zake, lakini muuguzi alipomwambia andika jina lolote tujaribu, lolote lile, si ndiyo vidole vyake visivyo na haya vikaandika jina la kaka yake, na la baba, na lile la babu ambalo watu hulicheka mpaka leo, na mfumo badala ya kusema hakuna ukaleta mstari mmoja, jina lile lile, mwaka ule ule wa kuzaliwa, kazi fundi wa paa, alihudhuria mwezi uliopita... mwezi uliopita, jamani! Msumari yu hai, kaka walimwita Msumari kwa wembamba wake na kwa ubishi, akishaingia mahali hang'oki, kumbe aling'oka, baba alimfokea mbele ya watu kwamba asikanyage pale tena, naye akachukua nyundo yake akaenda, akasimama mlangoni tu kumwambia mama, "Hilo bati la jikoni msimwite fundi, nitakuja kuliziba mwenyewe," na miaka yote hii bati linavuja, mama ameweka ndoo chini yake, mafundi wakipita anawafukuza kama kuku, "Lina mwenyewe hilo!", hata baba alipofariki watu wakajaa jikoni, mvua ikinyesha, ndoo ikawa inalia ti, ti, ti, na hakuna aliyethubutu kuisogeza, na Msumari huko aliko pengine hajui kwamba aliyemfukuza ameshalala mavumbini, hajui kwamba mlango uko wazi, na faili lake liko hapa, kidole kimoja tu, kidole chenyewe kimeshabonyeza, na kaduara kanazunguka... "Haya, huyo anakuja," muuguzi akasema, kumbe si faili lililokuja, ni kisanduku cheupe chenye swali, Sababu ya kufungua faili, na chini yake matibabu, rufaa, dawa, nyingine, naye akakitazama kama mtu aliyeulizwa na askari unakwenda wapi.

Unakwenda wapi kweli, mkaguzi, swali hilo hilo si liko kwenye karatasi yako ya ukaguzi, je, mtu asiyehusika anaweza kufungua faili la mgonjwa, na kituo kile kingine si ulikiandikia vibaya kwa sababu hiyo hiyo, ukawaambia siri ya mgonjwa ni dhamana, leo mganga hajigangi, lakini yeye hataki kujua ugonjwa, Mungu ni shahidi, hataki dawa wala vipimo, anataka mstari mmoja tu, kwa sababu muuguzi alimweleza asubuhi kwamba kila mgonjwa lazima ataje ndugu wa kuitwa akizidiwa, ukiacha pale patupu mfumo haukubali kuhifadhi, kwa hiyo Msumari alikaa kwenye kiti hiki hiki akaulizwa, una nani, na akataja mtu, alimtaja nani, mke, jirani, au alisema nina mdogo wangu wa kike, akaitoa kichwani ile namba ya simu ambayo mkaguzi hajaibadilisha hata simu zilipoibwa, hata kazini walipompa nyingine, asije mtu akapiga akaikosa... ah, angeandika tu rufaa, nani angejua, ila akilikuta jina lake pale ndiyo nini, simu ile itamlia siku Msumari amelazwa hoi hajitambui, nani duniani anaisubiri simu ya hivyo, yeye hataki kuitwa, anataka kaka aje, kwa miguu yake, ngazi begani, aanze ubishi wake mlangoni, anamtaka mpaka kifua kinauma, na hilo halimo ndani ya faili hata likifunguka lote.

"Umeganda wewe au imeganda kompyuta?" muuguzi akamtania, kisha utani ukamkauka, maana macho yake yalikuwa yametua kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa mkaguzi, kwenye lile jina la babu, yakahamia kwenye skrini, yakarudi, akavuta kiti karibu.

"Tuandike nini, dada?"

"Usiandike." Mkaguzi akaondoa kidole. "Hivi... mgonjwa akirudi, unaruhusiwa kumpa salamu?"

"Salamu hazina mfumo. Akirudi nitampa. Akitaka kujibu, atajibu mwenyewe."

"Mwambie bati la jikoni bado linavuja. Mwambie... mwambie mzee hayupo tena wa kumfokea, na mama hajamwita fundi mwingine."

Muuguzi akaitikia kwa kichwa. Kisanduku kilikuwa pale pale, kitupu, kikiuliza sababu.