Vyote Vitakavyofuata

Wakili mstaafu alimega mkate kwa mkono, kwa kuwa visu vya nyumba ile vilikwisha kuchukuliwa na benki. Vikombe navyo vilikwenda. Yeye, binti yake na mkwewe walikunywa chai kwenye mabakuli, wakiipuliza.

Mkwewe alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipokopa, mkataba uliandikwa na wakili huyu huyu, nao ndio uliomjengea jina. Wenzake walizoea kuandika “vitu vyote”. Yeye alifuta “vitu”, akaacha hivi: rehani ni vyote vya kiwanda na vya watu wake, vilivyopo na vitakavyofuata. Mabenki yakamgombea. Akapewa ngao, na kifungu chake kikafundishwa vyuoni.

Kiwanda kilipofilisika, benki ilichukua viti na vitanda, kisha vivuli vya mafundi, kisha vicheko vyao. Usingizi waliachiwa, maana usingizi hauna wingi wa vi-. Hakuna aliyebisha, sarufi ilikuwa sahihi.

Mjukuu alizaliwa mzima, mdomo wazi, kimya. Kilio chake kilisikika benki, kwenye chumba cha dhamana.

“Usihangaike, mama,” mkunga alimwambia binti. “Watoto wa mafundi wote wako hivyo.”

Bibi yake mtoto, mke wa wakili, alipiga marufuku neno kichanga humo ndani. “Ni mtoto,” alisema. “M-toto, mnanisikia? Msije mkampoteza kwa midomo yenu.”

Kisha mtoto akashikwa na homa mama yake akiwa uani anafua. Alimkuta amelegea, machozi yamekauka mashavuni. Alilia muda gani, nani ajuaye. Binti alimpigia baba yake magoti.

“Baba, wewe ndiye uliyekifunga. Kifungue.”

Wakili alikisoma kifungu kutwa nzima, akakigeuza huku na huku.

“Hakina ufa, mwanangu. Nilihakikisha mwenyewe.” Sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, na fahari hiyo ndiyo iliyomuumiza binti kuliko jibu.

Tangu hapo wakili hushinda benki, kwenye benchi la wateja, sikio limeelekea chumba cha dhamana. Kilio kikianza, hupiga simu nyumbani.

“Analia.”

“Analilia nini?”

“Njaa, nadhani.”

“Unadhani, baba?”

Jana wakili kijana aliyekuwa mwanafunzi wake alipita na mkoba, akainama kwa adabu. “Shikamoo, mwalimu. Leo tumekitumia tena kifungu chako. Hospitali ya wazazi imekopa.”

“Marahaba,” alijibu, na mkono wake ukatikiswa kwa heshima zote.

Jioni mlinzi alimgusa bega. “Mzee, tunafunga.”

Alijikongoja hadi nje. Nyuma ya mlango wa chuma kilio kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza, na hakuweza kujua ni cha njaa au cha homa. Akapiga simu, kama afanyavyo kila siku saa hiyo.

“Mshike, mwanangu,” alisema. “Usimweke chini mpaka wafungue.”