Harufu ya Uchochoroni

Enzi za taa za mafuta, mtengeneza marashi mmoja alishikwa na wazimu wa harufu. Aliisikia mara moja tu, uchochoroni, katikati ya msongamano wa watu, ikitoka kwa mwanamke asiyemwona uso, miezi miwili kabla ya kuoa. Sasa mwaka wa tisa anaitafuta. Alichemsha maua, magome, hata kamba ya ndoo ya kisimani. Sokoni alinusa mitandio ya wake za watu mpaka mchinjaji mmoja akamzaba kibao. Akarudi shavu limevimba, akaandika daftarini: "Siyo huyu."

Mkewe, mshona kofia, mwaka wa kwanza alicheka. Mwaka wa tisa kicheko kilimwisha. Mwanamke gani huyo aliyehamia kati yao bila hata kubisha hodi? Alikuwa na wivu, na hakuona haya kuusema.

"Nimechoka, mume wangu. Nakwenda kwa dada. Ukimpata huyo wako, muoe."

"Simtaki yeye. Naitaka harufu yake tu."

"Bora ungemtaka yeye!"

Akafunga virago. Kwa dada yake alishona kofia kwa hasira mpaka zikatoka ndogo, za vichwa vya watoto. Siku ya kumi na tatu alirejea kuchukua mkasi wake na, tuseme kweli, kuona kama yule bwana amekula.

Majiko yalikuwa yamezimwa, madirisha wazi. Mumewe aliketi kizingitini, kazi imemshinda. Upepo ukavuma kutoka mgongoni kwa mke, na mume akaruka wima.

"Usiondoke hapo! Ndiyo ile!"

Mke akageuka kumtafuta huyo mwanamke. Njia nzima ilikuwa tupu. Akamgeukia mumewe taratibu.

"Hebu niambie, tulipooana uliugua nini?"

"Mafua. Wiki tatu."

Fundi huyu, aliyewakataza wanafunzi wasinuse chupa moja zaidi ya mara tatu kwa kuwa pua hufa ganzi, alipona mafua ndani ya nyumba iliyokwisha kujaa harufu ya mkewe, tangu shuka hadi mito. Angeisikia vipi? Siku kumi na tatu bila mke, madirisha wazi, ndizo zilizoizindua pua yake.

"Miaka yote namwonea wivu mke mwenzangu," mke akasema, analia huku anacheka, "kumbe ni mimi!"

Mume alikwisha kunyakua chupa kutoka rafu ya kando ya mlango.

"Hutanitia chupani," mke akasema. "Na nikiingia humu, keshokutwa hutaisikia tena. Chagua."

Mume akaitazama chupa, akamtazama mkewe, akairudisha rafuni.

"Basi isisikike. Ingia, mke wangu. Sijala chakula cha maana tangu uondoke."