Jina Lililotakata

Haya nilisimuliwa na wifi yangu, wakati wa baridi uliopita, alipokuja kunijulia hali ya goti. Alipanga nyumba moja na dobi aliyeitwa Mama Povu, na mengi aliyaona kwa macho yake.

Mama Povu alikuwa akipiga pasi mashati ya watu pale barua ya mahakama ilipofika kusema amefilisika. Hoteli iliyompa mashuka ilikuwa imefunga milango bila kumlipa, na mashine zake za mkopo zikachukuliwa. Alipotia sahihi, jina lake likaingia doa, jeusi kama masizi ya sufuria, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Tarishi akaipuliza karatasi, akaikunja, akaenda zake.

Tangu hapo jina lile likiandikwa popote, doa. Kwenye kadi ya kliniki, doa. Kwenye risiti ya umeme, doa. Na katika taarifa ya mikopo, ile ambayo benki huifungua kabla ya kumkopesha mtu hata senti, lilijaa ukurasa mzima.

Dobi na doa ni watu wa siku nyingi. Alijaribu limau, akajaribu magadi, akaianika risiti juani.

"Hilo halitoki kwa mkono, mwanangu," mama yake akamwambia. "Hilo linatoka kwa miaka. Wewe fua."

"Na mikono hii itafika, mama?" Ilikuwa imepasuka mpaka inatia damu kwenye beseni.

"Isipofika nitakuazima yangu. Inakaa bure tu."

Akafua. Kodi ya chumba hakukosa hata mwezi mmoja. Doa likaanza kupauka pembeni, likawa kahawia, likawa kama chai ya rangi, mwisho likawa kama kivuli cha wingu linalopita. Majirani walikuja kulitazama kwenye ile risiti aliyoibandika ukutani, wakanong'ona kama watu waliozunguka mtoto mchanga aliyelala. Mwenye hoteli naye alifungua nyingine kwa jina jipya. Hilo lilikuwa jeupe tangu siku ya kwanza.

Mwaka wa saba ulipotimia, doa likatoka lote. Jina lilitakata hata likatoa mwanga. Chumba kizima kiling'aa, na mama mtu akavua viatu bila kuambiwa.

Mama Povu akaenda benki kuomba mkopo wa mashine moja tu, apumzishe mikono. Karani akafungua taarifa, akafumba jicho moja.

"Doa hakuna, dada. Lakini na jina silioni. Ni jeupe juu ya peupe."

"Si mlitaka safi?"

"Safi ndiyo. Ila humu hamna mtu. Hajakopa, hajalipa, hajulikani."

"Miaka yote hii nalipa kodi ya nyumba, kaka."

"Hiyo haiandikwi humu. Kopa kwanza mahali, ulipe, tukuone. Ndipo tukukopeshe."

"Na huko mahali, wao wataniona?"

Karani akavaa miwani ya jua, akamwita anayefuata.

Nyumbani mama yake alikuwa amekaa mlangoni.

"Limetoka?"

"Limetoka, mama."

"Na mashine?"

"Hiyo haikutoka."

Mama mzee akaitazama ile nuru ukutani, nzuri ajabu, akasinzia hapo hapo alipokaa. Mama Povu akaloweka mashuka ya kesho, akapaka mikono mafuta, akajilaza kabla jua halijazama. Mwanga ulimzidi, akajifunika khanga usoni, akalala.