Kuku Wote wa Shangazi

Asubuhi hiyo Kiduchu aliikodolea macho kompyuta mpaka chai yake ikapoa na kufanya utando juu. Kwenye kioo kila kuku alikuwa nukta. Kuku wa nyumba nyingine walitawanyika huku na huku kama mtama uliomwagika. Wa shangazi yake je? Wote walilaliana mahali pamoja, nukta juu ya nukta, utadhani ni kuku mmoja.

Programu ile aliiandika mwenyewe, na ilimtoa jasho mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kusoma vinasaba vilivyotolewa kwenye vishina vya manyoya, kuvilinganisha, kisha kusema nani ni ndugu wa nani. Udugu ukishajulikana, ndipo ingetafutwa jeni inayowakinga baadhi ya kuku na ugonjwa wa kideri wakati wenzao wanateketea banda zima.

Profesa, mkuu wake wa kazi, alisimama nyuma yake mikono mfukoni.

"Kwa hiyo shangazi yako anafuga kuku mmoja?"

"Ana banda zima, Profesa. Nimewaona kwa macho yangu."

"Basi programu yako inaota mchana. Hata vifaranga wa baba mmoja mama mmoja hutofautiana hapa na pale. Hawa hawatofautiani hata chembe!" Akakuna kidevu. "Leo alasiri nachagua programu ya mradi wote. Kama yako ndiyo hii, turudi kwenye ile ya zamani, binti yangu. Usininunie."

Hakununa, ila hakukubali. Mwaka mzima wa kazi, utupwe kama maganda! Akaipitia programu mstari kwa mstari. Akaipa kuku wa nyumba nyingine, ikajibu vizuri. Akairudishia wa shangazi, nukta zikalaliana tena bila haya. Ndipo akajiuliza, je, kama kosa halimo humu ndani? Akanyakua mkoba, huyoo, mguu niponye.

Alimkuta shangazi uani, mikono imezama kwenye povu la nguo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Kiduchu wangu. Mbona unahema hivyo? Na umekonda! Hiyo kompyuta ndiyo inayokula chakula chako?"

"Shangazi, yale manyoya uliyonipa. Uliyang'oa kwa kuku gani?"

"Kwa kuku wangu. Ulitaka nikaibe?"

"Kwa wote?"

"Si ulisema kila bahasha itiwe manyoya? Nimezijaza zote. Kuna iliyofika tupu?"

"Hakuna. Lakini kila bahasha ilikuwa na kuku wake, shangazi."

Shangazi akazidi kusugua kola ya shati iliyokwisha kutakata zamani.

"Wewe hao kuku unawajua? Yule jogoo ukimgusa anakupanda kichwani. Wale wekundu wanaruka ukuta. Mimi na magoti haya nimkimbize nani? Sasa Bi Mpole, maskini, ukimshika anasinzia. Nikaona, kuku ni kuku."

"Bi Mpole yuko wapi?"

Shangazi akaonyesha kwa kidevu. Kando ya pipa, kuku mweupe alikuwa akidonoa polepole, hana habari na dunia. Upande wa kushoto alipendeza kama bibi harusi. Akageuka. Lo! Upande wa kulia, kutoka bawani hadi mkiani, ulikuwa uchi mtupu, ngozi inang'aa, umebaki unyoya mmoja tu umesimama kama bendera.

Kiduchu alicheka mpaka akakaa chini.

"Nimekuharibia kazi, mwanangu?" Sauti ya shangazi ilishuka.

"Programu ilisema ni kuku mmoja. Na kweli ni mmoja!"

"Ala! Haijafika hapa, haijamwona, ikanisema hivyo hivyo?"

Kiduchu akampiga picha Bi Mpole, ule upande wa aibu, akamtumia Profesa na maneno haya: "Manyoya yote yalitoka kwa huyu." Simu ikaita papo hapo. Profesa alikuwa anacheka hadi maneno yanamkatikia.

"Ile ya zamani ingewapitisha hawa wote kama kuku mbalimbali," alisema alipopata pumzi, "nasi tungekuja kuumbuka mbele za watu. Tunatumia ya kwako, nyumba zote. Ila hayo manyoya tupa, uniletee ya kuku wengine. Leo leo!"

Kiduchu akakunja suruali, akavua viatu, akamnyemelea jogoo. Jogoo akamtazama kwa jicho moja, akaruka juu ya kamba ya nguo. Shangazi, ameshavuta kigoda, alikuwa kamanda.

"Mzibie kule! Kule! Inama! Ehee, mshike… aa, mwache huyo, Kiduchu, huyo ni wa jirani!"